Mgonjwa Asiyejua Ugonjwa Wake

Mara nyingi sisi makatekista tunaletewa shauri hili: kijana amevuta bangi miaka miwili mitatu, na sasa anasikia sauti za watu wasioonekana. Anasema majirani wanataka kumtilia sumu. Akiambiwa, "Twende hospitali," anajibu, "Mimi si mgonjwa, wagonjwa ni ninyi." Baba anakasirika na kusema ni kiburi. Wengine wanamfunga kamba. Kwa hiyo tumeona vema kueleza namna waganga walivyoanza kulifahamu jambo hilo.

Bangi si ngeni katika Kongo. Wissmann alipofika Kasai mwaka 1881 aliwakuta watu wa chifu Kalamba Mukenge wakiitwa Bena Diamba, ndiyo kusema watu wa bangi. Waliivuta pamoja katika kibuyu kikubwa, ikawa alama ya amani kati yao; na mwenye kosa alilazimishwa kuivuta hata azimie. Lakini habari za Kasai hazituelezi wazimu. Kwa jambo hilo lazima twende Ufaransa.

Huko alikuwako mganga Jacques-Joseph Moreau, aliyezaliwa mwaka 1804, mwanafunzi wa Esquirol, bingwa mkubwa wa magonjwa ya akili. Karibu na mwisho wa miaka ya 1830 alisafiri hata Misri, akaona watu wakila hashishi, yaani bangi iliyotengenezwa kwa namna nyingine. Aliporudi na kupata kazi katika hospitali ya Bicêtre, karibu na Paris, alizidi kuichunguza, naye mwenyewe akaila. Hatumsifu kwa tendo hilo. Shabaha yake ilikuwa kuonja wazimu kwa ndani, apate kuwafahamu wagonjwa wake. Mwaka 1845 alitoa kitabu. Alieleza kwamba saa zilirefuka na mawazo yalimkimbia, lakini sehemu moja ya akili yake ilibaki macho, ikijua: haya yametoka katika hashishi, nayo yatapita.

Hapo ndipo penye maana. Mgonjwa wa kweli mara nyingi hana jicho lile. Mwenye mguu uliovunjika anautazama kwa macho mazima. Mwenye akili iliyougua atautazama ugonjwa wake kwa kitu gani? Basi asemapo "si mgonjwa", hasemi uongo, wala si kiburi tu kama baba anavyodhani.

Je, bangi ndiyo inayoleta ugonjwa? Mwaka 1987 waganga wa Uswidi walitoa hesabu ya vijana 45,570 walioandikishwa jeshini mwaka 1969 na 1970, wakafuatwa kwa miaka 15. Waliokuwa wamevuta zaidi ya mara 50 walipatwa na skizofrenia, ugonjwa mzito wa akili, mara sita kuliko wasiovuta. Tuseme haki: wengi walivuta wasiugue. Damu ya ukoo nayo ina sehemu yake.

Kuna jambo jingine la kushangaza. Waganga walipopima kumbukumbu na fikira za wagonjwa, mara kadhaa walikuta wale waliovuta bangi wakifanya vizuri kidogo kuliko wagonjwa wasiovuta. Vijana wetu wakisikia hayo watasema bangi inanoa akili! Sivyo. Waganga wengi wanaeleza hivi: kati ya wagonjwa wasiovuta wamo wengi waliokuwa na udhaifu wa akili tangu utoto; lakini kati ya waliovuta wamo waliokuwa wazima, waliofaulu shuleni, na labda wasingaliugua kama wasingaliigusa. Hao wamepoteza mengi zaidi. Tena, kuwa na akili nyepesi hakumpi mtu kuujua ugonjwa wake. Uhusiano upo, lakini ni mdogo. Tumewaona wenye kusoma sana wakikataa dawa kwa maneno yaliyopangwa vizuri.

Dawa zenyewe zilianza kupatikana mwaka 1952, Delay na Deniker walipotumia klopromazini katika hospitali ya Sainte-Anne, Paris. Mwaka 1990 mganga Anthony David wa London aligawa ujuzi wa mgonjwa katika sehemu tatu: kukiri kwamba anaumwa, kutambua kwamba zile sauti zatoka katika ugonjwa, na kukubali kutunzwa. Sehemu moja yaweza kuwapo bila nyingine. Wako wanaosema hata leo kwamba hawaumwi, na kila jioni wanapokea kidonge mkononi mwa mama yao na kukimeza.