Kipimo Kinachopingana na Kitabu: Hoja kuhusu Mafunzo ya Walimu wa Fizikia Kitale na Bungoma

Mjadala wa kuinua ufundishaji wa fizikia na astronomia magharibi mwa Kenya huanzia kwenye vifaa: darubini haipo, maabara haitoshi. Malalamiko hayo ni ya kweli, ila yanafunika upungufu mwingine ulio mzito zaidi. Mara nyingi mwalimu hajaandaliwa kushughulika na kipimo kinachopingana na kitabu, ilhali Kitale na Bungoma huzaa vipimo vya aina hiyo kila siku.

Tuchukue maji. Kitale iko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Kanieneo ya hewa hupungua kadiri mwinuko unavyoongezeka, hivyo maji safi huchemka huko karibu na nyuzi 94 za Selsiasi. Mwanafunzi akisoma 94 kisha akaandika 100 ili asikosolewe, amejifunza kughushi. Mwalimu aliyeiva angeanza kwa kukishuku kipimajoto: akitie katika barafu inayoyeyuka, ambayo halijoto yake haiathiriwi na mwinuko kwa kiasi cha kuonekana. Kikisoma sifuri, mashaka yanahama kutoka kwenye kifaa hadi kwenye kitabu, na somo la kanieneo linapata sababu ya kufundishwa.

Anga nayo ina ubishi wake. Vitabu vilivyotungwa kwa ajili ya Ulaya husema kivuli cha adhuhuri huelekea kaskazini. Bungoma, iliyo nusu nyuzi na ushei kaskazini mwa ikweta, fimbo ya mita moja iliyosimamishwa kwa timazi hutoa kivuli cha sentimita 42 hivi kuelekea kusini mwishoni mwa Juni, na cha sentimita 45 hivi kuelekea kaskazini mwishoni mwa Desemba. Isitoshe, kivuli kifupi kabisa hakitokei saa sita kamili. Saa za Kenya hufuata longitudo ya nyuzi 45 mashariki, na Bungoma iko karibu nyuzi 34.6, hivyo kwa wastani jua huchelewa dakika 40 na kidogo. Mwalimu asiyelijua hili atapima kivuli kisicho cha adhuhuri na kukilaumu kipimo.

Mradi wa SMASSE, ulioanzishwa mwaka 1998 na serikali ya Kenya kwa ushirikiano na Japani, uliufanya ubunifu wa vifaa kuwa mhimili mmojawapo wa mafunzo ya walimu kazini. Hatua hiyo ilikuwa ya maana. Hata hivyo, kifaa cha kubuni kikitumiwa tu kufikia jibu lililokwisha kuchapishwa, kimebadilika kifaa, mazoea yamebaki yaleyale.

Itasemwa kwamba fimbo na sufuria vina mipaka. Ni kweli. Miezi ya Mshtarii haionekani bila kioo cha kukuza. Hata kuupima mzingo wa dunia kwa njia ya Eratosthenes hakuwezekani kwa kulinganisha vivuli vya Kitale na Bungoma: latitudo zao zinatofautiana kwa karibu nusu nyuzi, sawa na upana wa jua lenyewe angani, na ukungu wa ukingo wa kivuli huimeza tofauti hiyo. Lakini Kitale ikishirikiana na Mombasa, tofauti ni nyuzi 5 hivi katika kilomita 560 za kaskazini-kusini, na mwezi Desemba vivuli vyao hupishana kwa sentimita 10. Kinachohitajika hapo ni shule mbili zinazopima siku moja, kila moja katika adhuhuri yake, kisha zibadilishane matokeo.

Kwa hiyo vyuo vinavyoandaa walimu, kikiwemo Chuo Kikuu cha Kibabii kilichoko Bungoma, vingefaa kubadili kigezo cha kufuzu. Mwalimu asipimwe kwa idadi ya semina alizohudhuria, bali kwa vipimo alivyochukua shuleni kwake, makadirio ya kosa la vipimo hivyo, na maelezo ya kwa nini vinatofautiana na kitabu. Mtaala wa umilisi, ulioanza kufanyiwa majaribio mwaka 2017, unadai wanafunzi watende na kuchunguza. Dai hilo haliwezi kutimizwa na mwalimu ambaye hajawahi kuutetea usomaji wake mwenyewe.