Tusemeje? Mantiki si busara

Neno mantiki siku hizi limekuwa chumvi ya kila chungu. Nyanya zikipanda bei, "haina mantiki". Diwani akijibu kwa hasira, "amekosa mantiki". Bei ile haiingii akilini, basi. Na diwani amekosa busara, au adabu tu. Neno lenyewe tulilipata kwa Waarabu, mantiq, kwenye mzizi wa kutamka, likiwa jina la elimu ya kupima hoja: ukikubali hili na lile, huna budi kukubali la tatu. Hoja yaweza kuwa na mantiki kamili na bado ikawa upuuzi, kwa kuwa ilianzia kwenye uongo.

Sasa nasoma kwamba "lugha za mantiki" za kompyuta ni lugha zenye busara. Wapi! Chukua lugha ya Curry, iliyobuniwa miaka ya 1990 na Michael Hanus wa Ujerumani na wenzake, ikapewa jina la mwanamantiki Mmarekani, Haskell Curry. Inachanganya fanksheni za hisabati na mantiki. Ipe fanksheni ya kuunganisha orodha [1] na [2], utapata [1, 2]. Hilo lugha nyingi zinaliweza. Kisha igeuzie swali: ni orodha zipi mbili zikiunganishwa hutoa [1, 2]? Fanksheni ileile itakuletea majibu matatu, likiwamo la orodha tupu mbele na la orodha tupu nyuma. Kuchagua lipi linafaa ni kazi ya busara. Curry imetaja tu kila jibu linalotimiza sharti.