Imani na Nafsi Zake: Juu ya Tamko la Dini Katika Upare Kusini

Mgeni afikapo Bombo, katika eneo la Gonja, upande wa milima ya Upare utazamao uwanda wa Mkomazi, haulizwi anaamini nini. Baada ya salamu na habari za njiani huulizwa, "Wasali wapi?" Swali hilo lataka mahali, naye hujibu kwa kutaja mahali: kwa Walutheri, kwa Wasabato, msikitini. Wenyeji wakisha kujua hayo wamejua mengi. Wamejua siku gani hatashika jembe, kama atapokea pombe au ataikataa, na akifa atazikwa na nani.

Swali hili husikika kote Tanzania, wala si mali ya Wapare peke yao. Lakini katika Upare Kusini lina historia inayofaa kuchunguzwa. Katika muda wa vizazi vichache watu wa milima hii waliletewa desturi mpya, nayo ni kila mtu kusimama mbele ya wenziwe na kuisema imani yake mwenyewe. Katika muda uo huo wageni waliandika vitabu vilivyowaeleza watu hao hao wanaamini nini. Yule wa kwanza alisema kwa nafsi ya kwanza, naye mwandishi alisema kwa nafsi ya tatu. Makala haya yanakusudia kuonyesha jinsi nafsi hizo mbili zilivyokutana, na kwa nini mwanahistoria hana budi kuzitenga.

Kabla ya dini za kigeni kuingia, ibada katika Upare ilikuwa kazi ya ukoo. Ukoo ulikuwa na mahali pake patakatifu, paitwapo mpungi, penye miti isiyokatwa, na hapo palihifadhiwa mafuvu ya wazee waliotangulia. Mvua ikikosa, au ugonjwa ukizidi, mzee mwenye haki hiyo alikwenda na mnyama na pombe ya miwa, ile iitwayo dengelua, akawataja wazee hao na kuwaeleza shida ya watoto wao. Alisema kwa niaba ya wote, na kiambishi cha maneno yake kilikuwa cha wingi: tumekuja, tumekosa, tunaomba. Ukoo wa Wambaga ulisifika kwa elimu ya mvua, na sifa hiyo ndiyo iliyoupa utawala katika nchi ya Mbaga. Kwa hiyo mambo ya ibada na mambo ya serikali hayakuwa mbalimbali.

Hapana shaka kwamba hata zamani hizo walikuwako watu wenye kutilia shaka uwezo wa mtambikaji fulani, au wenye kuona kwamba mvua ilinyesha kwa sababu wakati wake ulikuwa umefika. Lakini shaka hiyo haikumwondoa mtu mpungini. Hakuwako pale kwa kukubali fundisho; alikuwako kwa kuzaliwa. Juu ya wazee hao wote alikuwako Muumba, na mojawapo ya majina yake katika Chasu ni Kiumbi, lenye asili moja na kitenzi cha kuumba. Hapa msomaji wa Kiswahili yampasa kujihadhari, maana katika Kiswahili kiumbe ni kile kilichoumbwa. Mzizi mmoja umepita katika lugha mbili za jirani, huku ukamtaja Mwenye kuumba na huku ukaitaja kazi yake. Mtu asiyeangalia angeweza kuandika kwamba Wapare huabudu viumbe, na kosa lake lingekuwa la sarufi kabla ya kuwa la dini.

Nafsi ya umoja ilianza kupanda mlimani pamoja na misafara. Katika karne ya 19 njia ya biashara itokayo Pangani kwenda Kilimanjaro ilipita kando ya milima hii, na Gonja ilikuwa mojawapo ya vituo vyake. Pamoja na nguo na shanga vikaja Kiswahili na Uislamu. Mwislamu huingia katika dini kwa shahada, na kitenzi cha kwanza cha tamko hilo katika Kiarabu ni cha mtu mmoja: mimi nashuhudia. Mzee hawezi kulitamka kwa niaba ya ukoo wake, wala baba kwa niaba ya mwanawe mtu mzima.

Pamoja na tamko hilo yaliingia maneno ambayo Wakristo nao walikuja kuyatumia. Dini, imani, kuamini, kuabudu na kusali, yote yametoka katika Kiarabu, na Kiswahili kilikwisha yazoea kabla ya mmisionari wa kwanza kufika Upare. Hata neno ushuhuda, alitumialo Mlutheri au Msabato asimamapo kanisani kueleza Mungu alivyomtendea, lina mzizi mmoja na shahada ya Mwislamu. Jirani wawili wa Bombo waweza kubishana juu ya dini tangu asubuhi hata jioni, lakini kila mmoja atatoa silaha zake katika ghala moja. Nalo neno imani halikubaki kama lilivyokuja. Katika Kiswahili mtu asiye na imani ni mtu mkatili, asiyeona huruma. Kuamini kukafungamana na kutendeana wema, na mtu akaweza kupimwa imani yake kwa jinsi alivyomtazama mgonjwa au yatima.

Wamisionari wa Kikristo walikuja mwanzoni mwa karne ya 20, wakati wa utawala wa Wajerumani. Mwaka 1903 Wasabato wawili kutoka Ujerumani, Johannes Ehlers na A. C. Enns, walifungua kituo cha Giti. Walutheri wa Misioni ya Leipzig walikuwa wamekwisha anza kazi Upare Kaskazini, nao katika miaka hiyo ya mwanzo wakajenga Gonja na Mbaga. Hata leo hospitali ya Gonja iliyoko Bombo ni ya Kanisa la Kilutheri.

Misioni hizo mbili zilitofautiana kwa mengi, lakini zilipatana katika jambo moja: hakuna mtu mzima aliyebatizwa bila ya kufundishwa, kuulizwa na kujibu. Mwanafunzi alisimama peke yake. Aliulizwa, naye akajibu kwa "na-" na "si-": namwamini huyu, siyafuati tena yale. Kwa mtu aliyelelewa katika "tu-" ya mpungini, mabadiliko hayo ya kiambishi yalikuwa mabadiliko ya makao. Tena yalionekana mara moja katika kata ya pombe. Msabato alifundishwa kuacha ulevi kabisa, na Mwislamu alikatazwa vilevile. Basi dengelua ya tambiko ilipozungushwa, mkono uliokataa ulieleza imani ya mwenyewe kabla hajafungua kinywa. Ndugu zake hawakusikia kwamba amepata fundisho jipya, bali kwamba amekataa kunywa na babu zake.

Msabato alikuwa na taabu nyingine iliyotokana na lugha yenyewe. Fundisho lake kuu lilikuwa kuitunza siku ya saba. Lakini katika Kiswahili siku hiyo huitwa Jumamosi, na mosi maana yake ni moja. Majina ya siku za Waswahili yalihesabiwa baada ya Ijumaa ya Waislamu: Jumamosi ni ya kwanza, Jumapili ni ya pili, na kuendelea. Kwa hiyo mwalimu wa Kisabato ambaye kwa Kijerumani angeweza kuhesabu siku bila ya matata, kwa Kiswahili alilazimika kuwaeleza wasikilizaji kwamba siku iitwayo ya kwanza ndiyo ya saba, na kwamba ile iitwayo ya pili ndiyo ya kwanza. Neno Sabato lilimwokoa, maana halina hesabu ndani yake, nalo ndilo lililowapa waumini hao jina lao. Tangu hapo katika sehemu nyingi za Upare Kusini juma moja limekuwa na siku tatu tukufu zinazofuatana, Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, na kila mtu hujua siku ya jirani yake.

Hayo ndiyo yaliyosemwa na watu. Ama yaliyoandikwa, vitabu viwili vya Wajerumani vimetangulia vingine vyote. Jakob Dannholz, mmisionari wa Kilutheri wa Mbaga, alichapisha kitabu chake Leipzig mwaka 1916, na jina lake ni "Im Banne des Geisterglaubens". Ernst Kotz, mmisionari wa Kisabato ambaye mwaka 1909 alikuwa ametoa sarufi ya Chasu, alichapisha chake Hamburg mwaka 1922, akakiita "Im Banne der Furcht". Cha kwanza maana yake ni katika kifungo cha imani ya mizimu, na cha pili, katika kifungo cha hofu. Watu wawili wa makanisa yaliyoshindana walichagua neno moja la kuwafungia Wapare. Tena neno Bann katika Kijerumani lina maana mbili: ni nguvu ya uchawi imfungayo mtu, na pia ni hukumu ya kanisa imtengayo mtu na wenziwe.

Vitabu hivyo ni hazina. Bila ya hivyo mila nyingi zisingalijulikana leo, maana waandishi wao waliishi na watu, wakajifunza Chasu, wakaandika waliyoyasikia. Lakini yafaa kuuliza waliyasikia kwa nani. Wengi wa wale waliokaa karibu na mmisionari na kumweleza mambo ya kale walikuwa wanafunzi wake na watu waliokuwa katika kuyaacha mambo hayo. Mtu anayehama nyumba hutaja mapaa yanayovuja. Moto wa jikoni uliomlea hausahau, ila hauingii katika maelezo ya kwa nini anahama. Basi hofu iliyomo katika vitabu hivyo huenda ikawa ni hofu ya kweli, lakini imesimuliwa katika saa ya kuagana. Naye aliyeisimulia alisema "niliogopa"; kalamu ikaandika "wanaogopa". Mabadiliko ya nafsi na ya wakati yakafanya habari ya mtu mmoja kuwa tabia ya taifa zima.

Hata hivyo haifai kuikana hofu yenyewe kwa kutaka kuwapendeza wazee. Simulizi za Mbaga hulitaja jabali la Malameni, ambapo watoto waliodhaniwa kuleta mkosi waliuawa. Mtoto aliyeota meno ya juu kwanza alihesabiwa kuwa na mkosi, na jambo hilo halikuwa la Wapare tu, kwa maana Kiswahili cha pwani kina neno lake kamili, kigego. Mama aliyemficha mtoto wa namna hiyo, au aliyemkimbiza misioni, hakuwa na haja ya kitabu cha Kijerumani kumwambia hofu ni nini. Kwake yeye, kusema "mimi siamini tena" kulikuwa ni kumwokoa mtu. Mwanahistoria atakayeyatukuza ya kale bila ya kumkumbuka mama huyo atakuwa amekosa kama yule aliyeyahukumu bila ya kuukumbuka ule moto wa jikoni.

Mwaka 1916 majeshi ya Waingereza yaliingia Upare. Wasabato wa Kijerumani walikamatwa na kuondolewa, na hata kufikia 1920 watu wa Leipzig nao walikuwa wamerudishwa kwao. Hapo imani mpya ilijaribiwa, maana aliyeuliza maswali ya ubatizo hakuwako tena. Kama ingalikuwa ni kumridhisha Mzungu tu, mikutano ingalivunjika. Lakini waalimu Waafrika waliendelea kufundisha na kuongoza sala, na wamisionari wengine walipofika baadaye walikuta watu wanaosali. Mwaka 1922, mwaka ule ule wa kitabu cha Kotz, Agano Jipya la Chasu lilitoka. Kitabu kimoja kiliwaeleza Wajerumani juu ya Wapare. Cha pili Wapare walikisoma wao wenyewe kwa lugha ya mama zao.

Kazi ya kuandika habari za imani hii kutoka ndani ilingoja nusu karne nyingine. Isaria Kimambo, mzaliwa wa Upare, alikusanya masimulizi ya koo na kutoa historia ya utawala wa Wapare mwaka 1969. Mwaka 1972 yeye na Cuthbert Omari walichapisha uchunguzi juu ya fikira za dini na mahali pa ibada katika Upare. Walionyesha kwamba dini ya kale nayo ilikuwa na historia: koo zilihama, mahali patakatifu pakabadilika, mamlaka yakapanuka na kupungua. Kwa hiyo neno "kifungo" halikufaa. Kitu kilichokuwa kikibadilika karne kwa karne, kwa akili na shida za watu, si mnyororo ambao watu waliukuta shingoni.

Katika ukoo mmoja wa Upare Kusini leo waweza kukuta Mlutheri, Msabato na Mwislamu. Wanapozika hukusanyika wote, na kila mmoja hujua wakati wa kuinamisha kichwa na wakati wa kukaa kimya. Hapo lile swali la "wasali wapi?" hudhihirisha busara yake. Humwachia mtu imani yake moyoni, likataka kujua tu atakuwa na nani. Yule wa mpungini angalilielewa swali hilo mara moja, kwa kuwa yeye pia alijua mahali pake na watu wake. Jipya ni kwamba mjukuu wake aweza kuchagua jibu.

Atakayefanya uchunguzi Bombo na vijiji vya jirani asiridhike basi kuandika safu tatu za dini na kuhesabu vichwa. Na asikilize viambishi. Mzee atakaposema "tuliamini", amwulize sisi ni nani. Atakaposema "naamini", amwulize tangu lini. Na akisema "waliamini", amwulize kama babu yake mwenyewe alikuwamo. Kisha ayaandike majibu hayo kwa nafsi ile ile yaliyosemwa.