Wapwa

Kila tukienda Muheza kwa ndugu wa baba, yupo mzee mmoja anayempokea mama yangu kwa utani uleule: "Karibu mkwe, karibu Mkilindi. Safari hii hatukufukuzi." Watu hucheka, na mama hucheka pia. Yeye ni Mkilindi wa Vuga, baba ni Mbondei, na mimi nimekulia Lushoto mjini nikiwa nusu kwa nusu. Nilikuwa tayari chuoni nilipogundua kwamba utani ule una maiti ndani yake.

Muhula huo nilikuwa nasoma vitabu viwili kwa wakati mmoja. Kimoja kilikuwa cha darasani, cha Appian, kuhusu vita vya Warumi. Kingine nilikisoma kwa hiari yangu: *Habari za Wakilindi* cha Abdallah bin Hemedi, mtu aliyemtumikia Semboja mwenyewe na baadaye akawatumikia Wajerumani. Nilitegemea kupumzika na cha pili baada ya kuchoshwa na cha kwanza. Haikuwa hivyo.

Wakilindi walikuwa wageni. Mbegha, mwindaji, alitoka Nguu akapanda milima ya Usambara, na masimulizi yanasema Washambaa walimpa ufalme kwa sababu aliwaua nguruwe waliokuwa wakila mazao na kugawa nyama. Uzao wake ulitawala kwa njia ya ndoa. Mfalme wa Vuga alioa katika koo za kila upande, kisha mtoto aliyezaliwa akapelekwa kuwa mtawala kwao mama yake, akiwa na wajomba zake pembeni wa kumshauri. Kwa hiyo mtawala hakuwa mgeni kamili wala mwenyeji kamili. Alikuwa mpwa wa kijiji. Kijiji kilimlimia na kumpa mbuzi, naye alitakiwa kuituliza nchi. Kishambaa kina maneno mawili ya jambo hili ambayo wanahistoria wanayapenda mno, nami nayapenda pia: *kuzifya shi*, kuitengeneza nchi, na *kubana shi*, kuiharibu.

Kimweri ye Nyumbai alipofariki mwaka 1862, mjukuu wake Shekulwavu alikalia kiti cha Vuga. Mwanawe Semboja hakukubali. Semboja alikaa Mazinde, kule chini tambarare, mahali ambapo leo basi linalotoka Mombo kwenda Same linapita bila hata kupunguza mwendo. Misafara ya biashara ilipita hapo, na kwa misafara yalikuja mabunduki. Bunduki ilinunuliwa kwa pembe za ndovu au kwa watu. Mtawala wa Kikilindi alikuwa na haki ya zamani ya kumtoza faini mkosaji, na akikosa mali, kuchukua ndugu zake. Zamani waliochukuliwa walibaki wakilima mashamba ya mtawala. Sasa waliteremshwa Pangani, na aliyefika Pangani hakurudi.

Semboja alimng'oa Shekulwavu, akamweka mwanawe Vuga. Shekulwavu akakimbilia mashariki. Mwishoni mwa miaka ya 1860, Wabondei na Washambaa wa mashariki waliinuka dhidi ya Wakilindi wote. Hawakuchagua Mkilindi wa Semboja au wa Shekulwavu. Uasi huo unaitwa Kiva. Wakilindi waliuawa, waliobaki wakatimuliwa, na Bonde halikurudi tena chini ya Vuga.

Sasa nirudi kwa Appian. Mwaka 88 KK, katika nchi ambayo leo ni magharibi ya Uturuki, mfalme Mithridates wa Ponto aliwaandikia barua ya siri magavana wake na wakuu wa miji. Wasubiri siku 30, kisha siku moja wawaue Warumi na Waitalia wote, wake zao, watoto wao na watumwa wao walioachwa huru wenye asili ya Italia. Maiti zisizikwe. Mtumwa atakayemuua bwana wake atapewa uhuru, na mdaiwa atakayemuua mdai wake atafutiwa nusu ya deni. Efeso, mji tunaousoma katika Matendo ya Mitume, waliokimbilia hekalu la Artemi walinyofolewa kwenye sanamu walizozikumbatia.

Barua peke yake haiwezi kufanya hivyo. Tangu mwaka 123 KK kodi ya jimbo la Asia ilikuwa inauzwa Roma. Kampuni zililinunua jimbo kama mtu anavyonunua shamba la miembe kabla haijaiva, kisha zikaja kukamua. Mji uliokosa kulipa ulikopeshwa na Warumi haohao, kwa riba. Mithridates alikuta kuni kavu.

Mji unaonisumbua zaidi ni Tralles. Wenyeji hawakutaka kuchafua mikono yao, wakamkodi mtu, Theophilus wa Paphlagonia, aje kuwafanyia kazi. Nikajiuliza kwa nini huku kwetu hakuna aliyekodiwa. Halafu nikamkumbuka Rutilius Rufus, Mrumi aliyewahi kuwabana wale watoza kodi hadi wakamshtaki na kumfilisi. Yeye alinusurika mauaji kwa kuvaa nguo za Kigiriki. Kubadili nguo kulitosha! Mkilindi wa Bonde angebadili nini? Kitambaa kilikuwa kilekile, na lugha ileile. Waliokuja na mikuki walimjua tangu ananyonya, na wengine walikuwa wajomba zake.

Nilijaribu kwa muda kuridhika na jibu la faini na Pangani. Ni jibu la kweli, na sioni jingine lenye uzito kama hilo: mpwa aliyeuza watoto wa wajomba zake alikuwa ameuvunja undugu kabla haujavunjwa kwake. Lakini wapo waliouawa wakiwa na umri wa kubebwa mgongoni. Hao hawakumuuza mtu. Hapo jibu langu linaishia.

Tofauti nyingine ni hesabu. Waandishi wa kale wanawataja Warumi 80,000 waliokufa Asia, mwingine anasema 150,000, na wanahistoria wa leo wanazitilia shaka namba zote mbili. Lakini kulikuwa na dola iliyotaka kuhesabu. Sulla alikuja na jeshi, akaitoza Asia talanta 20,000. Miaka kama 14 baadaye, Plutarch anaandika, riba ilikuwa imelifikisha deni talanta 120,000, ilhali watu walikuwa wameshalipa mara mbili ya deni la mwanzo. Wakawa wanauza watoto wao. Niliposoma mstari huo nilifunga kitabu nikatoka nje. Waliokufa katika Kiva hawana namba. Hakuna aliyerudi kuwadai.

Likizo ile nilimweleza mama yote haya jikoni, akiwa anachambua mboga. Nilimwambia nadhani utani wa yule mzee si mzuri na nitamwambia aache. Hakuinua kichwa.

"Usimguse. Mama yake bibi yake alikuwa Mkilindi."

"Alinusurikaje?"

"Alikuwa mtoto. Alifichwa chini ya ulili, siku tatu."

"Na nani?"

"Na mjomba wake. Mchana anakwenda na wenzake, usiku anarudi kumlisha."

Nikauliza mchana alikuwa anakwenda wapi. Mama akasukuma sufuria kwangu, akaniambia niteke maji.