Kiumbe Asiye na Jina

Wengi hudhani Frankenstein ni jina la zimwi. Sivyo, ni jina la mwanafunzi aliyeliumba. Kiumbe mwenyewe hakupewa jina. Mary Shelley alianza kuiandika riwaya hiyo karibu na Geneva mwaka 1816, akiwa na miaka 18. Mwaka uliotangulia alifiwa na binti mchanga, akaandika katika shajara yake kwamba ameota mtoto amesuguliwa mbele ya moto akarudiwa na uhai. Ndiyo maana hatuafikiani na wanaokiona kitabu hicho, kilichotolewa London mwaka 1818, kuwa ni onyo dhidi ya sayansi tu. Jaribio la Victor lilifaulu. Kiumbe alimfuata hadi kitandani, akamnyoshea mkono. Muumba wake akatoka mbio.