Simba wa Kitabuni na Chatu wa Ufipa

Ishara katika fasihi ni kama mgeni: haifiki mahali ikakuta patupu. Hukuta wenyeji, na wenyeji wana majina yao, heshima zao na hofu zao. Mtunzi wa utenzi wa pwani akimwita shujaa wake simba hana haja ya kufafanua, kwani msikilizaji amekwisha kumjua simba huyo. Seyyidna Hamza na Seyyidna Ali, wote wawili, walipewa lakabu ya Simba wa Mwenyezi Mungu. Je, simba huyo akipandishwa bara, kwenye nyanda ambako ngurumo yake ya usiku ilikuwa habari ya msiba, atabaki na maana ile ile?

Swali hili linamhusu kila mfasiri, lakini linabana zaidi katika riwaya za ajabu za watoto zilizoandikwa na Wakristo wa Uingereza, kwa sababu humo wanyama wamebebeshwa mzigo wa imani. Mizani niliyoichagua kuupimia mzigo huo ni Ufipa, uwanda wa juu ulioko kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, ambao mji wake mkubwa leo ni Sumbawanga. Nimeuchagua kwa sababu mbili. Kwanza, Ukristo ulifika huko mapema na ukashika mizizi. Pili, taashira za Wafipa wenyewe zimeandikwa kwa makini, kwa hiyo tunaweza kumsikia mgeni na mwenyeji kwa pamoja.

Tuanze na mgeni. Miongoni mwa waasisi wa utanzu huu ni George MacDonald (1824–1905), mchungaji wa Uskochi aliyeachana na mimbari akaishi kwa kalamu. Katika *At the Back of the North Wind*, kitabu cha mwaka 1871, upepo wa kaskazini ni mwanamke mzuri mwenye nywele ndefu anayemchukua mtoto maskini usiku na kumtembeza ulimwenguni. Taratibu msomaji hutambua kwamba mwanamke huyo ni mauti, na kwamba mauti yenyewe ni mjumbe wa rehema. Aliyeirithi njia hiyo ni C. S. Lewis, mzaliwa wa Belfast mwaka 1898, mwalimu wa fasihi Oxford na baadaye Cambridge, aliyemkiri MacDonald kuwa ustadhi wake. Lewis aliuacha Ukristo katika ujana, akaurudia mwaka 1931, na kati ya mwaka 1950 na 1956 akatoa vitabu saba vya nchi ya Narnia.

Kisa cha kitabu cha kwanza, *The Lion, the Witch and the Wardrobe*, ni maarufu. Watoto wanne wanapita ndani ya kabati la nguo na kutokea katika nchi iliyofungwa na theluji isiyokoma wala kufikia Krismasi. Wenyeji wanawaita wana wa Adamu na mabinti wa Hawa. Mmoja wao, Edmund, anawasaliti nduguze kwa sababu ya vitamu vya Kituruki alivyolishwa na malkia wa baridi. Sheria ya kale inadai damu ya msaliti. Simba Aslan anajitoa badala yake: ananyolewa manyoya, anadhihakiwa, anachinjwa juu ya meza ya mawe, na alfajiri wasichana wawili waliokesha wakimlilia wanamwona yu hai, na meza imepasuka. Mkristo hawezi kukosa kuona hapo Ijumaa Kuu na Pasaka. Lewis mwenyewe hakupenda kuiita kazi yake istiara. Aliiita dhana: tuseme iko nchi kama Narnia, na Mwana wa Mungu akataka kuwa kiumbe wa huko kama alivyokuwa mwanadamu wa huku, mambo yangekuwaje? Akaeleza pia kwamba kisa hakikuanza na mahubiri bali na picha iliyomjia akiwa kijana, ya kiumbe nusu mtu nusu mbuzi, ana mwavuli na vifurushi, katikati ya msitu wa theluji.

Nyoka naye yumo. Katika *The Silver Chair*, kitabu cha mwaka 1953, malkia wa chini ya ardhi anageuka nyoka wa kijani, na anauawa kwa panga. Msomaji wa Ulaya haambiwi nyoka huyo ni nani. Amemjua tangu bustani ya Edeni, naye anafurahi kumwona amekatwa.

Sasa tumsikilize mwenyeji. Mwanaanthropolojia Roy Willis, aliyeishi Ufipa katika miaka ya 1960, alikusanya visasili na ngano za nchi hiyo na kuzitolea vitabu kadhaa, miongoni mwavyo *There Was a Certain Man* cha mwaka 1978. Kisasili kikuu kinamtaja Ntatakwa, mtu wa kwanza, aliyeshuka kutoka mbinguni na kutawala Milansi, kijiji kilichoko chini ya mlima Itwelele. Siku moja, yeye akiwa hayupo, wakaja wanawake watatu wageni, wa ukoo wa Watwa (si Watwa wa misituni), wakakikalia kigoda chake. Aliporudi hapakupiganwa vita vya kumalizana. Wageni walipewa utawala wa nchi; mwenyeji akabaki na Milansi, na mlima, na ukubwa wa kiibada ambao hata wafalme wa Kitwa waliuheshimu. Watwa ndio waliokuja kutawala falme mbili za Ufipa, Nkansi na Lyangalile.

Watu hawa hawakuwa wageni wa taashira. Hata tanuri la kuyeyushia chuma, lililopita kimo cha mtu, lilitendewa kama bibi arusi, na kazi ya moto iliyofanyika ndani yake ilihesabiwa kuwa ni uzazi. Na katika viumbe wote, aliyebeba maana nzito ni chatu. Mizimu ya nchi, yenye makao yake milimani, mapangoni na majini, ilijidhihirisha kwa umbo la chatu. Chatu wa namna hiyo alipoonekana hakupigwa fimbo. Alipokewa kwa heshima na mhudumu wa mzimu. Willis katika *Man and Beast* (1974) alimweka chatu wa Wafipa bega kwa bega na ng'ombe wa Wanuer na kakakuona wa Walele wa Kongo, kama mnyama ambaye kwaye jamii nzima inajifikiria. Kwa ufupi, pale ambapo msomaji wa Oxford anamwona adui wa Mungu, mkulima wa Ufipa alimwona mwenye nchi.

Wawili hawa walikutanaje? Mwaka 1879 Kapteni Cambier wa Ubelgiji alijenga kituo Karema, kando ya Ziwa Tanganyika. Mwaka 1885 kituo hicho kilikabidhiwa kwa Mapadri Weupe, shirika lililoasisiwa Algiers mwaka 1868 na Askofu Mkuu Lavigerie. Msomaji wa visiwani atapendezwa kujua kwamba weupe wa jina lao ulitokana na mavazi. Kwa kufuata desturi ya Waarabu wa Algeria, walivaa kanzu nyeupe na joho, na rozari shingoni mithili ya tasbihi. Hivyo mapadri wenyewe walikuwa ishara iliyofasiriwa: Ukristo wa Ufaransa uliovikwa vazi la Kiislamu la Afrika Kaskazini, ukapelekwa kwa watu wa Tanganyika. Pamoja nao alikuwapo Adrian Atiman, mzaliwa wa nchi za Timbuktu, aliyechukuliwa utumwani utotoni, akakombolewa, akasomea utabibu Malta, akafika Karema mwishoni mwa miaka ya 1880, na akatibu na kufundisha dini huko hadi alipofariki mwaka 1956.

Kutoka ziwani misheni zilipanda uwandani. Mwaka 1953, mwaka ule ule wa kuchapishwa kwa *The Silver Chair*, Karema ikawa jimbo kamili la Kikatoliki, na mwaka 1969 jina la jimbo likahamia Sumbawanga. Pamoja na abjadi ilikuja hadithi ya Edeni, na pamoja na hadithi ikaja sanamu ambayo Wakatoliki wa dunia nzima wanaijua: Bikira Maria amesimama, na mguu wake umemkanyaga nyoka. Mtoto wa Kifipa aliyeitazama sanamu hiyo hakutazama jambo la mbali. Kama bibi yake alimfundisha kumpisha chatu njia, basi sanamu ile ilikuwa inasema jambo juu ya bibi.

Hapa ndipo ulipo uzito wa mas-ala haya. Mtu mzima anaweza kubishana na ishara, mtoto huimeza. Na ishara ya kitabuni ina nguvu kuliko ya mahubiri, kwa sababu haiji kama amri, huja kama utamu.

Chukua simba. Katika nyanda za juu za kusini, huko Njombe, simba wala watu waliangamiza watu wengi tangu miaka ya 1930 hadi mwaka 1947, na wengi waliamini kwamba wametumwa na wachawi. Singida, katika miaka ya 1946 na 1947, mauaji yaliyohusishwa na watu-simba yalifika mahakamani. Miaka mitatu tu baadaye Aslan akachapishwa London. Na katika ngano za ukanda huo mshindi si simba. Ni sungura, Kalulu, anayemshinda mwenye nguvu kwa akili. Mtoto aliyelelewa na Kalulu akiambiwa kwamba simba ndiye mwokozi, anatakiwa avuke daraja refu. Anaweza kulivuka, lakini mfasiri asijifanye kwamba daraja halipo.

Chukua malkia wa baridi. Kwa Kiingereza ni mchawi, na mfasiri mwenye haraka ataandika neno hilo hilo. Lakini jina la Sumbawanga lenyewe, kama linavyoelezwa kwa kawaida, maana yake ni tupa uchawi wako. Mchawi huko hakai kabatini. Ni jirani anayetuhumiwa, na katika mikoa ya magharibi ya Tanzania wanawake wazee wameuawa kwa tuhuma hizo. Neno likishabeba damu, halifai kuchezewa na watoto. Bahati njema Lewis mwenyewe ametuachia mlango, kwani ndani ya kisa inaelezwa kwamba malkia huyo si binadamu, bali ni wa nasaba ya majini na majitu. Basi tumwite jini. Neno ni letu, ni sahihi kwa kisa, na halimwangukii bibi wa mtu yeyote.

Vitamu vya Kituruki navyo vina mtihani wao. Ukiandika halua, mtoto wa Unguja ataelewa mara moja uroho wa Edmund. Lakini halua kwetu ni heshima ya mgeni na ya arusi. Je, tuifanye chambo cha usaliti? Mimi ningeandika halua, kwa sababu usaliti wenye kuumiza ni ule unaokuja katika sahani ya ukarimu.

Mtihani mkubwa zaidi kwa msomaji wa pwani uko katika vitabu vya mwaka 1954 na 1956, ambamo maadui wa Narnia ni watu weusiweusi wa kusini, wenye vilemba na majambia, wanaozungumza kwa madaha ya Alfu Lela Ulela na kumwabudu mungu katili. Ajabu ni kwamba jina Aslan ni neno la Kituruki la simba, na Lewis alisema alilitoa katika maelezo ya Lane juu ya hiyo hiyo Alfu Lela Ulela. Amemchukua simba nyumbani kwa mwenye kilemba, kisha akamfanya mwenye kilemba kuwa adui wa simba. Kwa insafu lazima tuongeze kwamba katika kitabu cha mwisho kijana mmoja wa watu hao, Emeth, ambaye jina lake kwa Kiebrania ni ukweli, anapokewa na Aslan kwa sababu ibada yake ilikuwa ya moyo safi. Mlango umefunguliwa, ila kwa mmoja.

Tufanye nini basi? Wapo watakaosema vitabu hivi visifasiriwe kabisa. Sikubaliani nao. Vimeandikwa kwa mapenzi, na vina mafunzo ya huruma, toba na ujasiri ambayo hayana kabila. Wapo watakaosema vifasiriwe neno kwa neno, msomaji ajitafutie. Hao nao sikubaliani nao. Iko njia ya tatu, na mfano wake tunao: mwaka 1940 kisa cha Alice kilichapishwa London kwa Kiswahili kwa jina la *Elisi Katika Nchi ya Ajabu*, na katika picha zake Elisi ni msichana wa Kiafrika. Mgeni alipewa kiti chetu, akakikalia vizuri.

Lakini kanuni ya njia hiyo ya tatu naiona wazi zaidi katika kisasili cha Milansi kuliko katika kitabu chochote cha taaluma ya tafsiri. Mgeni apewe kigoda; mlima ubaki kwa mwenyewe. Mtoto wa Sumbawanga asome juu ya Aslan, tena kwa Kiswahili kizuri. Ila ngano za Ntatakwa, za Kalulu na za chatu zisibaki katika kitabu cha Kiingereza kilichoandikwa kwa ajili ya wataalamu. Nazo zipate mfasiri, zipate mchoraji, ziwekwe juu ya mkeka mmoja na zile za Narnia. Hapo mtoto akifika kwenye ukurasa ambapo nyoka wa kijani anakatwa, atajua kwamba anasoma habari za nyoka wa nchi nyingine, na kwamba chatu wa bibi yake hajaguswa.