Minerval: Deni la Masomo katika Masisi na Walikale

Wasomaji wetu wa Masisi na Walikale wengi walilijua neno minerval kabla ya kujua kusoma. Mtoto hurudi nyumbani saa tatu asubuhi, daftari mkononi, na mama akimwuliza sababu, jibu ni moja tu: minerval. Neno hili tulilipata kwa Wabelgiji, nao walilipata kwa Warumi. Katika Kilatini cha kale, minerval ilikuwa malipo au zawadi ambayo mwanafunzi alimpa mwalimu wake, na jina lilitokana na Minerva, mungu wa kike ambaye wapagani wa Roma walimhesabu kuwa msimamizi wa elimu. Minerva ameachwa zamani sana. Zawadi yake ingali yadaiwa. Sisi tuliofundishwa Kilatini seminarini twacheka kidogo tunapokumbuka ya kuwa jina la kipagani laitwa kwa sauti kubwa kila mwezi katika shule zenye majina ya watakatifu.

Twataka kueleza hapa jinsi mzigo huo ulivyohama kutoka bega hata bega kwa muda wa miaka zaidi ya mia moja, na nani aubebaye siku hizi kijana wa kwetu anapokwenda chuo kikuu. Twaeleza kwa sababu magomvi mengi yanayofika mbele ya wazee wetu, ya shamba, ya mahari, ya kaka na mdogo wake, ukiyachimba vizuri wakuta chini yake deni la masomo ambalo halikuandikwa popote.

Hapo mwanzo mzazi hakudaiwa fedha nyingi. Tarehe 26 Mei 1906, Kiti cha Papa na Dola Huru la Kongo la mfalme Leopold II walifanya mapatano: serikali itazipa misioni ardhi, hekta 100 mpaka 200 kwa kila misioni, nazo misioni zitafungua shule. Baadaye, tangu mwaka 1925, serikali ya Ubelgiji ilianza kutoa ruzuku kwa shule za misioni za Kibelgiji, maana yake hasa za Wakatoliki. Waprotestanti walingojea mpaka 1948 ndipo nao wapate, na haki yatulazimisha kusema kwamba walikuwa na sababu ya kunung'unika. Mzazi, kwa upande wake, alilipa kwa mikono ya mtoto: kulima shamba la misioni, kuchota maji, kubeba matofali ya kanisa na ya shule yenyewe.

Lakini shule hizo zilikuwa na dari fupi. Mtoto alijifunza kusoma, kuhesabu na katekisimu. Mwenye akili akawa mwalimu au karani. Kisha njia ikakatika. Mlango uliokwenda mbali zaidi kwa miaka mingi ulikuwa seminari. Padri Stefano Kaoze, Mkongo wa kwanza kupata upadre, alibarikiwa mwaka 1917, wakati ambapo Kongo nzima haikuwa na chuo kikuu, na hakikupatikana ila miaka 37 baadaye. Nani alilipa masomo ya waseminari? Sehemu kubwa ilitoka kwa Wakristo wa Ulaya, kwa njia ya Shirika la Mtakatifu Petro Mtume lililoanzishwa Ufaransa mwaka 1889. Wengi waliotoa walikuwa watu wa kawaida. Mseminari wa Kivu hakuwaona hata siku moja, nao hawakumwona. Lilikuwa deni lililolipwa kwa sala, na kwa kurudi kufanya kazi.

Chuo kikuu cha Lovanium kilifunguliwa karibu na Léopoldville mwaka 1954, na cha serikali huko Élisabethville mwaka 1956. Ndiyo maana tarehe 30 Juni 1960, siku ya uhuru, Wakongo wenye shahada za chuo kikuu walihesabiwa kuwa chini ya 30 katika nchi pana karibu sawa na Ulaya ya Magharibi. Serikali mpya ilikuwa na njaa ya makarani, wahakimu na waganga, ikalipa. Mwanafunzi alipewa burse, chumba na chakula. Familia ya Masisi iliyompeleka kijana wake huko ilitafuta nauli, nguo na sanduku, basi.

Hata hivyo mkono unaolisha huweza pia kupiga. Tarehe 4 Juni 1969 wanafunzi wa Lovanium waliandamana mjini Kinshasa, na mojawapo ya madai yao lilikuwa burse iongezwe, kwa kuwa haikuwatosha. Askari wakawapiga risasi, wengi walikufa. Juni 1971 wenzao walipotaka kuwakumbuka marehemu, waliandikwa jeshini kwa nguvu, na mwaka huohuo vyuo vikuu vyote vitatu viliunganishwa kuwa kimoja, UNAZA, chini ya mkono wa serikali. Kisha, mwaka 1974, serikali ikatwaa shule za Makanisa, na tarehe 26 Februari 1977 ikazirudisha mikononi mwa Makanisa kwa mkataba, kwa kuwa ilishindwa kuziendesha. Majengo yalirudi. Fedha za kuyatunza hazikurudi pamoja nayo.

Sasa twafika mahali pagumu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mshahara wa mwalimu wa Zaire ulikuwa umeliwa na kupanda kwa bei mpaka haukununua gunia la maharagwe. Walimu waligoma kwa muda mrefu. Ili watoto wasipotee, wazazi na Kanisa walikubaliana kwamba wazazi wampe mwalimu kitu cha kumtia moyo, kikaitwa prime. Tazameni jinsi neno la Kirumi lilivyorudia maana yake ya kwanza: malipo ya mwanafunzi kwa mwalimu, mkono kwa mkono. Ilikuwa dawa ya dharura, nayo ilikaa zaidi ya miaka 25. Tena, si prime yote iliyobaki kwa mwalimu. Sehemu ya fedha za wazazi ilipanda juu, kutoka shule mpaka ofisi za wilaya, za jimbo na hata za Kinshasa, kila ngazi ikikata kipande chake. Kwa miaka hiyo mtu wa Walikale mwenye debe mbili za mpunga ndiye aliyekuwa akiilisha serikali ya elimu, kinyume cha yaliyoandikwa vitabuni.

Na mzigo huo ulimwangukia mzazi wa kwetu katika saa mbaya kuliko zote. Mwezi wa Machi 1993 watu waliuawa sokoni Ntoto, katika Walikale, na mauaji yakaenea Masisi. Aliyeiona Masisi ya zamani ajua kwamba ng'ombe wa vilima vile walikuwa benki. Mtoto akifaulu, dume moja lauzwa Sake au Goma; jibini huleta fedha ya daftari. Katika vita vya 1993 na vile vilivyofuata baada ya 1994, makundi yale yaliibiwa, yakachinjwa, yakavushwa mipaka. Hivyo serikali ilimwachia mzazi kulipa wakati uleule alipokuwa akinyang'anywa cha kulipia. Sisi twaona kwamba mambo haya mawili husimuliwa mbali mbali, moja katika habari za elimu na jingine katika habari za vita, na ndiyo sababu watu wa mbali hushangaa kwa nini vijana wetu waliacha shule.

Walikwenda machimboni. Rubaya ya Masisi ina koltani. Walikale ina mlima wa Bisie, ambapo kasiteriti ilianza kuchimbwa mwaka 2002, na mizigo ilibebwa mgongoni siku nzima na zaidi katika msitu, kisha ikapakiwa ndegeni huko Kilambo, ndege zikitua barabarani. Wengi waliochimba walikuwa wanafunzi au ndugu zao. Kaka alishuka shimoni ili mdogo aketi darasani. Ndiyo sababu Rais Joseph Kabila alipofunga machimbo ya Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Maniema, tangu Septemba 2010 mpaka Machi 2011, kwa nia ya kuwanyima fedha wenye silaha, madawati ya Walikale yalipungua watoto. Huko Marekani, Julai 2010, ilikuwa imetoka sheria ya kuwataka wafanyabiashara waseme madini yao yametoka wapi, na wanunuzi wengi wakaona ni rahisi kukimbia kuliko kuchunguza. Nia njema ya watu wa mbali ilikatwa kwenye minerval ya mtu wa Njingala.

Katiba ya 18 Februari 2006, katika kifungu cha 43, ilisema shule ya msingi ya serikali ni bure. Jambo hilo lilingoja mpaka Septemba 2019 kuanza kutimizwa. Twashukuru, kwa maana watoto walijaa madarasani mpaka kukaa chini. Lakini walimu wengi waitwao N.U., wasioandikwa katika orodha ya mishahara, walipoteza prime bila kupata mshahara, na shule ya sekondari pamoja na chuo kikuu zilibaki kama zilivyokuwa.

Chuo kikuu basi. Siku hizi hakuna lazima ya kwenda Kinshasa. Goma ina ULPGL ya Waprotestanti tangu 1985, na Chuo Kikuu cha Goma tangu 1993. Bukavu na Butembo zina vyuo vikuu vya Kikatoliki tangu 1989, kile cha Butembo kikiwa kazi ya Askofu Emmanuel Kataliko. Lakini Walikale ni eneo kubwa kuliko yote sita ya Kivu ya Kaskazini, zaidi ya kilometa za mraba 23,000, na njia yake ya kwenda Goma ni matope na vizuizi vya wenye bunduki. Karo huhesabiwa kwa dola, naye baba huuza mawese na mpunga kwa faranga. Kila faranga ishukapo, karo yapanda bila mtu kuipandisha. Ongeza chumba cha kupanga, makaa, kunakili vitabu, na mwisho kazi ya kuhitimu, ambayo ina malipo yake. Asiyemaliza kulipa sehemu yake haitwi katika mtihani.

Katika nchi jirani mwanafunzi hukopa kwa serikali. Kenya ina bodi ya mikopo tangu 1995. Tanzania iliitunga sheria ya bodi yake mwaka 2004, na tangu marekebisho ya 2016 mdaiwa aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara. Uganda ilianzisha yake mwaka 2014. Vijana wa huko hulalamika sana juu ya makato hayo, nasi hatuwalaumu. Lakini deni lao lina karatasi. Linajulikana kiasi chake, na siku moja litakwisha.

Mtoto wa Masisi hana bodi ya kuiendea. Hukopewa na likelemba ya mama yake, wanawake kumi au ishirini wanaochanga kwa zamu. Hukopewa na mwenye duka. Shida ikizidi, baba huenda kwa banki lambert, kama watu wamwitavyo mkopeshaji wa riba, au huweka shamba rehani, na shamba lililowekwa rehani wakati wa vita mara nyingi halirudi. Hao wote watajwa, hata wakitajwa kwa hasira. Kuna mwenye kudai mmoja ambaye hatujasikia akitajwa katika sherehe za kupokea diploma, naye ni dada. Mbuzi na ng'ombe wa mahari yake ndio waliouzwa kaka aingie mwaka wa kwanza. Pengine aliacha shule akiwa na akili kuliko kaka. Pengine aliolewa mapema kwa sababu mwaka wa masomo ulikuwa karibu kufunguliwa. Ndoa yake ikivunjika, wakwe hudai mali yao, na mali ile imekwisha geuka kuwa karatasi yenye muhuri juu ya ukuta wa nyumba ya Goma. Wazee huketi, hulaumu mwanamke, humwambia avumilie. Mwenye diploma haitwi katika baraza hilo. Kwa maoni yetu yeye ndiye awe wa kwanza kuitwa.

Wako wanaolipa. Twawajua walimu na wauguzi ambao mshahara wao, ukitoka, waenda wote kwa wadogo zao watatu au wanne, hata wao wenyewe wakachelewa kuoa. Huo ni ulipaji wa kweli, ila hupimwa kwa macho tu. Anayetoa husema amekwisha maliza. Wanaopokea husema bado. Familia chache zimeanza kuandika katika daftari moja: nani alitoa nini, mwaka gani, kwa ajili ya nani, mahari ya dada ikiwamo kwa jina lake. Twasikia watu wakisema kuandika kati ya ndugu ni kukosa mapendo. Lakini parokia huandika ubatizo na ndoa, na hakuna anayesema tumekosa imani.

Januari 2025 waasi wa M23 waliiteka Masisi na kisha Goma. Machi waliingia Walikale, wakatoka Aprili. Mabenki ya Goma yalifunga milango, na waliokuwa na akiba walivuka mpaka kwenda Gisenyi kuitafuta. Wanafunzi walitawanyika. Mwingine alikuwa amebakiza sehemu moja tu ya karo na mtihani wa mwisho. Mkopeshaji wa baba yake amekimbilia mji mwingine, shamba la rehani wanalima watu wengine, na dada, aliyekimbia na watoto mgongoni, hajaambiwa neno.